Hiace yangu injini imechoka: nifunge 3L nyingine, 5L au 1KZ?

MamaViazi_Uyole
Wakuu, nina Hiace ya zamani, injini 3L (ni jina la aina ya injini ya dizeli ya Toyota, si lita). Asubuhi inapanda Isongole na mbolea, jioni inarudi Mwanjelwa, Mbeya mjini, na viazi. Sasa inakula oili, lita nzima kwa wiki, na ikishika mlima toka Uyole inatoa moshi mweusi mpaka wa nyuma wanawasha taa. Trafiki kashanisimamisha mara mbili. Fundi wangu anataka 3L nyingine ya mtumba, kijana wa dukani ananisukumia 1KZ yenye turbo (ya kusukumia injini hewa zaidi). Nishike lipi?

Fundi_Ipogolo
Dada, hayo ni magonjwa mawili. Oili ikiungua moshi unakuwa wa bluu. Hapo mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha, na injini ni ya kutoa kweli. Mweusi ni dizeli kuizidi hewa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari na Isongole ni juu zaidi, hewa nyepesi, halafu pampu ya dizeli inamwaga kama vile uko Kariakoo kule Dar, usawa wa bahari. Ukifunga injini nyingine ukahamishia pampu na nozo (za kunyunyizia dizeli) zile zile, moshi unahama nao. Mimi ningefunga 5L. Ni ukoo mmoja na 3L, lita 3 badala ya 2.8, na gia boksi yako unabaki nayo. Ila pampu na nozo zipimwe kwenye mashine. Usikubali mtu wa kukaza skrubu kwa kusikiliza.

Kijana_Makambako
Nilifunga 1KZ. Mlimani raha, turbo inarudisha hewa, moshi hauonekani. Lakini waya, kontroli boksi (kompyuta ya injini), rejeta kubwa... na bado mlima Kitonga ikachemsha, silinda hedi ikapasuka. Sina hamu.

Babu_Sokomatola
Mama, kumbuka kadi ya gari. Namba ya injini imeandikwa pale, ukibadili lazima TRA (mamlaka ya mapato) wairekebishe. Dai karatasi za injini kabla hujatoa hela. Hizi dizeli kuukuu Wajapani wenyewe walizibana kwa sheria ya moshi ya 1992, wakaikaza 2001, Tokyo na Osaka hazitakiwi. Zikaja kwetu.

MamaViazi_Uyole
Shikamoo babu, asante. Fundi, leo asubuhi nimeiwasha nikasimama nyuma: bluu kabisa. 5L nimeiona Mwanjelwa, safi, ila muuzaji karatasi hana, anasema "tutaongea." Nimeiacha hapo hapo. Huko kwako Iringa ziko?

Fundi_Ipogolo
Zipo. Njoo na namba ya chesesi.