Koili yangu imewekewa kikombe cha chai! Yule jamaa wa ditekta sasa kavuka mpaka

Mzee wa Korongo (mleta uzi)

Wakuu nimetoka pale sasa hivi, hata pikipiki haijapoa, mikono inatetemeka naandika hivi hivi mkiona nimekosea herufi nivumilieni. Yule jamaa anayeuza vifaa vya ditekta, zile mashine za kunusia dhahabu ardhini, sina haja ya kumtaja, kila anayetafuta dhahabu Chunya hii anamjua, yule yule, leo kaweka kikombe cha chai juu ya koili yangu, lile duara la chini ya mashine linalonusa. Chai ya maziwa, inafuka moshi, juu ya koili ya inchi 18 niliyouzia ng'ombe wawili. Na maandazi pembeni. Mbele ya baba mkwe!

Nianze mwanzo maana nikianzia kwenye chai nitavunja simu.

Mimi nina ditekta ya GPX 5000 ya mtumba, tumechanga. Ilikuja na koili aina ya DD, inchi 11, na ile koili siidai kitu, tangu mvua zikatike nilikuwa naokota vipisi vyangu vya dhahabu vya pointi tatu, pointi tano ya gramu, siku Mungu akipenda gramu na kitu, natia kwenye kichupa cha dawa ya macho, ikifika Ijumaa napeleka soko la madini, nyumbani wanakula. Siku nimekwenda pale kununua waya wa betri tu, waya wa betri wakuu! jamaa akaiangalia mashine yangu akasema "hiki kisosi unatafutia nini, hereni?" Akanitolea hilo sinia, koili aina ya mono, inchi 18. Akasema linashuka mita mbili na nusu, kipisi hata kikiwa kimekaliwa na mbuyu utakisikia. Nikauza ng'ombe, mmoja wangu, mmoja wa baba mkwe.

Wiki tatu nimezunguka nalo Matundasi mpaka Itumbi. Linapiga kelele kama mbuzi anayeburutwa machinjioni. Likigusa kichaka linalia, likipita udongo mwekundu linalia, nikikohoa linalia. Bega la kulia limeshuka mpaka shati linakaa upande. Kuna siku likanipa sauti nzito, tamu, nikasema leo ndio leo, nimechimba mpaka kiunoni kwenye changarawe ngumu na sululu, nimetoka na jembe. Jembe bovu limeliwa na kutu, limekaa huko tangu babu yangu hajaoa. Shimo la pili kopo. La tatu nikaliacha lilie peke yake.

Halafu kuna kijana mmoja ana Gold Monster, ile mashine nyepesi, koili ya inchi 5, kapita nyuma yangu kwenye korongo lile lile nililolifagia siku mbili nzima, kaokota vipisi vinne. Nimeviona kwenye kiganja chake. Kimoja kama punje ya mchele, vitatu kama chenga za ulezi. Nilipita juu yake mimi! Sinia limekaa kimya kama limelipwa.

Ndio leo nikamchukua baba mkwe twende kistaarabu. Nikamwambia jamaa kaka, naomba tubadilishane, nipe hata DD ya inchi 14, tofauti ikiwepo naongeza. Hakunijibu. Akamwita binti wa chai. Meza yake imejaa waya na vumbi, akainyofoa koili mkononi mwangu, akailaza juu ya meza, akamwambia binti "weka hapa". Binti akaweka. Akanywa huku ananiangalia machoni, funda la kwanza, funda la pili, akachovya andazi. Kisha akamgeukia baba mkwe akamwambia, "Mzee, mkweo akishindwa kulitafutia dhahabu, litawafaa siku ya wageni."

Duka zima likacheka. Binti wa chai naye akacheka.

Mzee hajafungua mdomo njia nzima. Tumefika kashuka, kaenda kukaa chini ya mwembe, kanipa mgongo. Na koili ina duara la chai, nimelisugua kwa maji na sabuni, halitoki. Nalitazama hapa linanitazama. Chai, wakuu. Juu ya koili!

Nani mwingine kafanyiwa na huyu mtu? Semeni leo.

---

Sululu Kavu

Pole mkuu ila nimecheka mpaka uji umenipalia. Ndiye yeye, hakuna mwingine. Mimi aliniambia mashine inalia kwa sababu nimevaa mkanda wenye kifungo kikubwa cha chuma, nikavua mkanda, nimetembea mwezi mzima porini nimeshika suruali kwa mkono mmoja.

---

Binti Saza

"Kimya kama limelipwa" 😂😂 mleta uzi una kipaji, achana na dhahabu.

---

Fundi Waya

Mkuu jamaa kakukosea adabu, hilo halina mjadala. Ila na wewe umekwenda kununua sinia bila kuuliza mtu. Koili kubwa si mbaya, umeipeleka pasipo pake. Inatupa nguvu yake eneo pana na inashuka, sawa, lakini inashukia kitu KIKUBWA. Kipisi cha pointi mbili nguvu ile inakipitia imetawanyika, hakirudishi sauti ya kusikika, hata kikiwa kimelala juu juu. Ndio maana yule kijana na inchi 5 kakuokotea mchele nyuma yako. Na hiyo mita mbili na nusu ni ya mdomoni, kipisi cha pointi tano hakisikiki huko hata ukipewa koili saizi ya ungo.

Halafu umechukua mono kwenye udongo mwekundu wenye chuma! Mono ni waya mmoja unatuma na unapokea huo huo, kwenye udongo mtulivu inaishinda DD ya saizi ile ile kwa kushuka, ila kwenye udongo wenye chuma inasikia kila kitu. DD ndani ina nyaya mbili zimelaliana pale katikati, moja inatuma moja inapokea, ndio maana imetulia. Na koili ikikua inasikia udongo mwingi zaidi kwa mpigo mmoja, kwa hiyo umeongeza kelele mara mbili, kwa saizi na kwa aina. Mashine ulikuwa umeiweka mpangilio gani, Normal? Weka Enhance, au Fine Gold kama unatafuta vidogo, na ushushe gain, ile nguvu ya kusikia.

Na lile jembe usilishangae. Dhahabu ya Lupa, huku huku Chunya, imeanza kuchimbwa 1922, hapo juu wamepita watu zaidi ya miaka 100 wanaangusha misumari, makopo, majembe. Sinia linakusanya vitu vitatu chini yake kwa pamoja, hujui kipi kimelia, na kukipata kitovu cha sauti ni kazi, ndio maana unachimba shimo la kuzikia.

---

Mzee wa Korongo (mleta uzi)

Fundi nimekuelewa vizuri sana na ningekujua mapema ng'ombe wangekuwepo. Ila hujasema kitu kuhusu chai. Mtu anaweka CHAI juu ya koili ya mteja!

---

Fundi Waya

Chai haiiui koili mkuu, imefungwa, maji ya juu hayaingii. Fungua kifuniko cha chini ukikung'ute, mchanga wa chuma ukijaa mle nao unaliza mashine. Na waya ukaze kwenye mti wa mashine, usicheze cheze, nao unapiga kelele.

---

Mzee wa Korongo (mleta uzi)

Sisemi imekufa! Nasema kaniangalia machoni!!

---

Makongolosi Kwetu

Maandazi yalikuwa mangapi?

---

Mzee wa Korongo (mleta uzi)

Mawili. Kwa nini unauliza?

---

Makongolosi Kwetu

Hakukupa hata moja? Huyo mtu ni mbaya kweli.

---

Otis wa Migori

Majirani, mimi niko huku Migori upande wa Macalder na niwaambie nyinyi mko na bahati. Wewe koili yako angalau inaingia kwa mashine. Mimi niliuziwa koili ya GPZ 7000 na mashine yangu ni GPX 5000, mtu akaniapia kwa jina la mama yake ati zote ni kampuni moja zitaelewana. Plagi haiingii. Kurudi ananiambia nikate waya niunge na tepu! Hizo mashine mbili hazifanyi kazi namna moja kabisa, hata ukiunga na dhahabu yenyewe haitalia. Hiyo koili iko juu ya kabati, kuku ametagia hapo. Wewe umewekewa chai, mimi nimewekewa mayai.

---

Sululu Kavu

Mayai 😂😂😂 Otis umechukua ushindi, mleta uzi kaa pembeni.

---

Mzee wa Korongo (mleta uzi)

Kuku hana akili, yule ni mtu mzima! Hakuna kuku aliyemwambia baba mkwe wako neno. Msichanganye mambo.

---

Mama Kokoto

Mnalia lia kuhusu chai nyie wanaume. Mimi nina leseni yangu ndogo, eneo langu, nalipia kila kitu. Wanakuja hao wenye mashine, tunakubaliana nusu kwa nusu, wanapitisha mchana kutwa, jioni wananiletea kipisi kimoja kama jicho la panya wanasema mama eneo lako limekauka. Kumbe vingine viko kwenye buti! Nimemkamata mmoja kaweka mdomoni, nikamwambia imba, nikamwambia imba wimbo wowote, akashindwa. Nikamnywesha maji, akatema vitatu kwenye karai. Na nikisema nishike mashine mwenyewe ananiambia dhahabu itakimbia kwa sababu mimi ni mwanamke. Dhahabu haikukimbia ilipokuwa mdomoni mwake?

---

Binti Saza

NIKAMWAMBIA IMBA 🙌🙌 Mama Kokoto nakufuata kuanzia leo.

---

Kapiga Hodi

Mama samahani, lakini nusu kwa nusu nayo ni kubwa kwa mwenye eneo. Mashine ni ya mtu, betri ya mtu, mgongo wa mtu. Wewe umekaa kivulini. Haki ni sabini kwa thelathini.

---

Mama Kokoto

Kivulini? Njoo uone hicho kivuli. Kwa hiyo mnaiba kwa sababu mgao ni mdogo?

---

Sululu Kavu

Kapiga Hodi fungua mdomo tuone kuna nini ndani.

---

Mzee wa Korongo (mleta uzi)

Wakuu tusitoke nje ya mada. Nilisema jamaa kamwambia baba mkwe litafaa siku ya wageni. Nani alikuwepo pale dukani leo? Kuna mmoja alivaa fulana ya njano alicheka kuliko wote, kama uko humu jitokeze.

---

Makongolosi Kwetu

Fulana ya njano wilaya nzima wanavaa mkuu.

---

Kapiga Hodi

Mimi siibi Mama, muulize mtu yeyote. Naongelea gharama. Betri ya mashine ikifa unajua bei yake? Na unakuta mwenye eneo hajaweka hata chakula.

---

Mama Kokoto

Chakula nawapa! Ugali, dagaa, na chai asubuhi. Chai yangu mnakunywa, vipisi vyangu mnameza.

---

Fundi Waya

Hapo kwenye betri Kapiga Hodi kasema kweli. Kuna zile za kutengeneza mtaani wanaweka seli za laptopu, inakaa saa mbili inazima uko katikati ya korongo. Nimeletewa nne mwezi huu.

---

Otis wa Migori

Zangu ni mbili! Moja ilivimba kama mandazi kwa begi.

---

Kijana wa Inchi Tano

Samahani wakubwa, nimeuona uzi huu nimeletewa na rafiki. Nadhani mimi ndiye yule niliyepita nyuma ya mleta uzi kule korongoni. Shikamoo mzee. Vilikuwa vitano, sio vinne, kimoja kilidondoka nikakipata kesho yake.

---

Mzee wa Korongo (mleta uzi)

Marahaba. Kilikuwa wapi?

---

Kijana wa Inchi Tano

Pale pale ulipokuwa umekaa unakula mihogo.

---

Binti Saza

Jamani 😭

---

Sululu Kavu

Nafunga simu, siwezi tena.

---

Fundi Waya

Mleta uzi usiuze hilo sinia kwa hasira. Safisha eneo kwanza na ile inchi 11, okota vidogo vyote na takataka zote, kisha rudi nalo pale pale polepole, hatua ya nusu mguu, ukisikiliza zile sauti pana za chini. Mashamba ya tambarare yaliyotulia nalo linafaa, unafagia eneo kubwa kwa siku. Wale wa jangwani Sudan koili kubwa ndio zao, nchi wazi, hakuna vichaka. Korongo la mawe na vichaka usilipeleke tena.

---

Mzee wa Korongo (mleta uzi)

Inchi 11 nilimwachia yeye kama sehemu ya malipo. Iko pale ukutani kwake, imening'inia nyuma ya kiti anachokalia akinywa chai.

---

Kapiga Hodi

Mama Kokoto hebu tuongee kwa utulivu, sitini kwa arobaini unaonaje? Chakula juu yangu.

---

Mama Kokoto

Na utaimba kila jioni kabla hujaondoka?

---

Kapiga Hodi

Wimbo gani?

---

Otis wa Migori

Mimi bado nauliza hiyo seli ya laptopu, nani ananunua iliyovimba?