Mrejesho: Kiyoyozi cha saluni, Moshi

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama kiyoyozi chenye boksi kubwa la nje ndicho kinachopoza zaidi. Nilitaka cha saluni ya mke wangu, mita 4 kwa 4, hapa Majengo. Mkaniambia nisome kibandiko, nisipime boksi kwa macho. Kweli bwana! Boksi kubwa lililonivutia lilikuwa BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza kwa saa). Dogo la pembeni 12,000, yaani kilowati 3.5 za kupoza. (Umeme kinaokula ni kama kilowati 1 tu, hapo ndipo nilipokuwa nachanganya.) Fundi akanisukumia 18,000, nikagoma, nikabaki na la 12,000: hilo kubwa lingepoza chap, lijizime kabla halijakausha hewa, unyevu ubaki. Jana saa nane mchana, bati linalia kwa jua, ndani nyuzi 24. Mteja mmoja kaomba kanga ajifunike.