Tupeane uzoefu: siku ulipolipiga gari waksi mwenyewe nyumbani

Bampa Moja: Leo nimemwona jirani anapaka gari lake waksi saa saba mchana, jua la utosi, gari lenyewe jeusi. Nikataka kumpigia kelele, nikajikumbuka. Mimi nilipaka gari zima kwa mkupuo, nikaingia ndani kupumzika, kurudi waksi imekauka na kung'ang'ania kama plasta. Nilisugua mpaka magharibi, bega likauma siku mbili, na michirizi ikabaki. Mlioharibu wenzangu, jitokezeni.

Mzee wa Ndoo: Kivulini, bodi iwe imepoa, kipande kimoja kimoja, tena nyembamba. Tunasema kila siku hamsikii.

Kiti cha Nyuma: Mimi plastiki nyeusi za pembeni. Ziligeuka nyeupe kama zimepigwa chokaa. Mwaka wa pili huu.

Sipitwi: Kifutio cha penseli kinatoa. Msicheke, jaribuni.

Mzee wa Ndoo: Au ubandike tepu ya karatasi kabla hujaanza, usihangaike na vifutio.

Shemeji Hodari: Ngoja niseme yangu, nimekaa nayo rohoni. Shemeji alisafiri akaniachia gari, jeusi pia, niwe naliwasha tu mara mojamoja. Kwenye boneti kulikuwa na kinyesi cha ndege cha siku kadhaa, kimeshakula klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, na kuacha kovu. Nikaona nimfurahishe. Nikaazima mashine ya kupigia polishi, kopo nikachukua lililokuwepo, sikusoma. Kumbe si waksi, ni kompaundi, ile yenye chembechembe za kukata rangi! Mwanzoni pakang'aa, nikajiona fundi. Nikaikandamiza mashine kwenye mkunjo wa boneti, nikaongeza mzunguko. Mara harufu ya kuungua. Kutazama pedi, nyeusi tii. Nikajidanganya ni uchafu. Nikafuta: kijivu cha praima, ile rangi ya chini kabisa, hicho, ukubwa wa kiganja. Nilikaa chini palepale. Nikampigia mke wangu, hata salamu sikutoa: "Kaka yako anarudi lini?"

Kiti cha Nyuma: 😂😂 Akasemaje?

Fundi Msasa: Gari la klia pedi ikichukua rangi ya gari, klia imekwisha hapo, zima mashine. Klia ni kama maikroni 40 hadi 50, unywele wa kichwa mara nyingi ni mnene kuliko hiyo. Kwenye mikunjo na kingo ndiyo hupungua zaidi.

Sipitwi: Mimi haya yote sina. Sabuni ya vyombo na sponji, miaka yote gari linang'aa.

Mzee wa Ndoo: Linang'aa kwa sababu limelowa. Sabuni ya vyombo inaondoa waksi. Na hilo sponji linabeba mchanga, lipeleke gari juani uone mikwaruzo kama utando wa buibui kwenye milango.

Sipitwi: Gari ni lako au langu?

Kiti cha Nyuma: Jamani Shemeji yuko wapi amalizie?

Lami Kavu: Wakati tunamsubiri, waksi ipi inadumu? Mimi ya kanauba haimalizi miezi miwili.

Fundi Msasa: Ndivyo ilivyo. Kanauba ni nta ya majani ya mnazi fulani wa Brazili, inapendeza ila haikai. Silanti, yaani kinga ya rangi ya kutengenezwa kiwandani, yaweza kufika nusu mwaka.

Bampa Moja: Mnazi? Kanauba ni mchikichi sijui, lakini nazi haitoi.

Fundi Msasa: Haya, jamii ya mnazi. Umeridhika?

Lami Kavu: Na dawa ya meno kwenye mikwaruzo?

Mzee wa Ndoo: Piga meno.

Shemeji Hodari: Nimerudi. Nilimpelekea fundi rangi, boneti nzima ikapigwa upya, akaniambia nisiipake waksi siku 30 kwanza ipumue. Shemeji aliporudi akalizunguka gari mara mbili. "Mbona boneti inang'aa kuliko milango?" Nikasema nimelipiga waksi, ila nilianzia mbele nikachoka. Sasa kila akija huja na ndoo, nimalizie.

Mzee wa Ndoo: Huyo anajua kila kitu.

Kiti cha Nyuma: Anajua kabisa 😂

Bampa Moja: Jirani ndiyo kwanza anafikia mlango wa nyuma. Amevua shati. Nampelekea kitambaa.