Mjadala: Tingatinga lisubiri rufaa iishe, au nchi isubiri umeme?

Mleta mada:
Wakuu, kuna swali moja kuhusu vibali vya miradi mikubwa ya nishati ambalo naona tunalizunguka kila siku. Serikali ikishatoa kibali, na wananchi wakakata rufaa, ujenzi uendelee au usimame? Mimi nasema usimame. Nina kesi mbili.

Ya kwanza ni Lamu. Septemba 2016 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitoa leseni ya mazingira kwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakazi wakakata rufaa kwenye baraza la rufaa za mazingira. Wakati ule sheria ya Kenya ilikuwa wazi: rufaa ikishapokelewa pale, hali inabaki kama ilivyo mpaka uamuzi utoke. Juni 2019 baraza likafuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa kwamba vikao na wananchi vilifanyika mapema, kabla utafiti wa athari haujakamilika, na ripoti ilipokuwa tayari watu hawakushirikishwa ipasavyo. Yaani uliulizwa maoni juu ya kitu ambacho hujakiona! Uamuzi huo ulikuwa na maana kwa sababu mtambo haukuwa umejengwa.

Ya pili ni rasi ya Fosen, Norway. Huko wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini, walipinga mashamba mawili ya upepo, Storheia na Roan, kwa hoja kwamba mitambo inawafukuzia mifugo kwenye malisho ya majira ya baridi. Serikali ikaruhusu ujenzi huku kesi ikiendelea. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu, majaji wote 11 kwa kauli moja, ikasema vibali ni batili. Wafugaji wameshinda, sivyo? Lakini mitambo 151 ilikuwa imeshasimama na inazalisha. Haikung'olewa. Mwisho wa safari ukawa mikataba ya fidia na malisho mbadala, 2023 na 2024.

Ushindi wa namna hiyo ni karatasi. Mwekezaji anajua kwamba hakuna waziri atakayebomoa mradi uliokwisha kulipiwa, ndiyo maana anakimbilia kuanza.

Fundi Laini:
Mkuu, umechagua kesi zinazokufaa. Kusubiri nako kuna bili, na bili hiyo inakuja kwangu na kwako. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulikuwa na mitambo 365 tayari mwaka 2017, lakini laini ya kupeleka umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekamilika mpaka 2018. Mkataba ulikuwa na faini ya ucheleweshaji, ikalipwa, na mtumiaji wa umeme hakuepuka. Hapo hata rufaa ya kibali haikuwa chanzo. Sasa ongeza na rufaa juu yake, halafu unitafutie benki itakayokopesha.

Pia si kila anayekata rufaa ni mnyonge. Wapo wanaotaka tu bei ya kiwanja ipande.

Mleta mada:
Turkana umeileta wewe, asante. Oktoba 2021 mahakama ya ardhi kule Meru ilisema hati za ardhi ya mradi huohuo, ekari 150,000, hazikupatikana kwa utaratibu. Mradi ulikuwa umeshazinduliwa na Rais Kenyatta mwaka 2019. Mahakama ikatoa mwaka mmoja mambo yarekebishwe. Unarekebishaje ardhi yenye mitambo 365 juu yake?

Bibi Shauri:
Wanangu, mnazungumza kama vile aliye kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa mradi, anapumzika wakati mnasubiri. Hapumziki. Mthamini akishapita na kuhesabu miti na vyumba, unaambiwa usijenge, usipande zao la kudumu, subiri fidia. Paa likivuja unaogopa kuweka bati jipya kwa sababu halitahesabiwa. Tanzania sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini ukipita miaka miwili bila malipo ufanywe upya. Sawa, unafanywa upya, na wewe unaanza kusubiri upya.

Rufaa ya Lamu ilichukua karibu miaka mitatu. Kwa aliyeshinda ni sawa. Lakini fikirieni mradi ambao rufaa yake inashindwa: familia imekaa miaka mitatu haina shamba la kulitumia kwa uhuru wala hela mkononi. Kusimamisha tingatinga peke yake hakumlindi mtu huyo.

Mpita Njia:
Uingereza walijaribu dawa ya muda. Chini ya sheria ya mipango ya 2008, uchunguzi wa mradi mkubwa una miezi sita, ripoti kwa waziri miezi mitatu, na waziri anapewa mitatu mingine. Inapendeza kwenye karatasi. Shamba la upepo la baharini la Norfolk Vanguard lilipata kibali Julai 2020, mahakama ikakifuta Februari 2021 baada ya mkazi mmoja kushtaki, kwa kuwa waziri hakupima athari za mradi huo pamoja na za mradi pacha wake. Kikatolewa tena Februari 2022. Mwaka na nusu umekwenda kwa kosa la kuruka hatua moja.

Fundi Laini:
Na mradi ukaruhusiwa hatimaye! Sasa faida ilikuwa nini?

Mleta mada:
Faida ni kwamba hesabu iliyorukwa ilifanywa. Na aliyechelewesha hapo ni waziri, si mkazi.

Bibi Shauri amegusa penyewe, kwa hiyo naongeza kwenye hoja yangu: tingatinga lisimame, na baraza la rufaa lipewe miezi sita. Muda huo ukipita bila uamuzi, zuio la kujenga na kupanda liondoke kwa aliye kwenye mkuza, na uthamini wake uhesabiwe kwa bei ya siku ya malipo. Hasara ya kuchelewa ihamie kwa mwenye mradi na serikali. Mtaona kesi zitakavyokwenda mbio.

Na Kenya wenyewe wameshalegeza: siku hizi hali haibaki kama ilivyo kwa kukata rufaa tu, mpaka uombe na baraza likubali.

Bibi Shauri:
Miezi sita naikubali kwa sharti. Ripoti ya athari ina mamia ya kurasa, kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mwenye mradi ana wahandisi na mawakili wa kuisoma usiku na mchana. Huyu wa kwenye mkuza, mtaalamu wake analipwa na nani? Kama jibu ni "ajitafutie", hiyo miezi sita mmempa mwekezaji.