Huyu mpiga video mnamjua. Eti dada yangu arudie kiapo mbele ya keki!

Wakuu, naandika natetemeka. Jana Jumamosi tumemuoza dada yangu, na mpiga video alikuwa yule yule. Simtaji. Yule wa kofia ya kugeuza nyuma, ambaye kuanzia Sinza hadi Mbezi hakuna ukumbi hajawahi kukuzibia bibi harusi kwa mgongo wake. Mnamjua.

Laki tisa taslimu tumempa. Hela za kamati, watu tumewafuata hadi milangoni miezi 3.

Kanisani kaja na kamera ya picha, kaifunga kwenye stendi, kabonyeza, kaenda zake kivulini na simu. Mahubiri nusu saa. Mchungaji anamwambia dada "sema baada yangu", mimi niko safu ya pili, naangalia kamera: taa nyekundu haipo. Imezima! Nikampungia jamaa mkono, akaniinulia dole gumba. Dole gumba!

Sasa sikieni. Ukumbini, dada ameshabadilisha gauni, kisu cha keki kiko mkononi, jamaa anamsogelea: "Dada, rudieni tu kile kiapo hapa, mimi nitakiunganisha na cha kanisani." Mbele ya keki! Mama miguu ikamwisha, akakaa. Baba mkwe anauliza kwani ndoa ya asubuhi imeharibika?

Kiapo kirudiwe mbele ya keki ya ghorofa tano. Mchungaji awe nani, MC?

Kipanga_Kurasini: Pole mkuu. Ila wewe uliona taa imezima ukabaki umekaa, kwa hiyo mlikuwa wawili mliolala.

FundiLenzi: Kamera nyingi za picha, hasa za zamani, zinajikata zikifika dakika 29 na sekunde 59. Ulaya zamani, ikirekodi dakika 30 ilihesabiwa kamera ya video na ushuru ulipanda, ndiyo maana viwandani waliibana. Kwa ibada beba kamera ya video yenyewe. Zumu unavuta kwa kidole taratibu, na zile nzuri zina kadi mbili, moja ikijaa inahamia ya pili bila kukatika.

Mleta uzi: Sijauliza dakika! Nimesema KIAPO, MBELE YA KEKI!

MamaSendoff: Una nafuu wewe. Mimi kiapo ninacho, ila kinachosikika ni feni la kanisa. Hakumvalisha bwana harusi maiki, kategemea ile ya kwenye kamera, na yeye yuko mlangoni.

Chogo77: Yangu ya ukumbini inacheza mistari mieusi, wageni wote kama wako kwenye boti ya Zanzibar.

FundiLenzi: Hizo ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, shata (muda kamera inaofunguka kwa kila picha) angeweka 1/50 ya sekunde mistari ingetulia.

Mleta uzi: Wakuu, kamshika kiwiko dada yangu akiwa na kisu cha keki mkononi. Rudieni kiapo! Kama wimbo wa kwaya!

Kipanga_Kurasini: Angerudia tu, kiapo cha pili ndicho kinashika.

BintiPangani: Mnaonea wapiga video. Wa kufungiwa ni ma-MC. Wangu alitangaza kwenye maiki kiasi alichochanga mjomba.

Chogo77: Mjomba alichanga ngapi?

BintiPangani: Elfu ishirini. Na alikuja na watu sita.

MamaSendoff: Sita! Waliingia kwa kadi ya nani?

BintiPangani: Ya single. Na walibeba pilau kwenye mfuko.

Mleta uzi: Uzi unahusu kiapo jamani.

Chogo77: Mkuu subiri kidogo. Pilau walibeba kabla ya wazee kula au baada?

Babu_wa_Kanda: Samahani kuingilia. Nina kanda ya VHS ya harusi yangu ya 1994, imeanza kushika ukungu. Nani ana deki nzima anihamishie kwenye flashi?

FundiLenzi: Mzee, usiiweke kwenye deki kabla haijasafishwa, itachafua kichwa cha deki na kukatika. Nicheki pembeni.

MamaSendoff: Na mimi ninazo mbili, FundiLenzi, bei gani?