Laptopu inazima taa ya chaja: nikitoa kadi ya grafiki itawaka?

mpakato_mzito

Wakuu, habari zenu. Nina mashine ya kazi nzito ya kizazi cha 4 cha Intel: prosesa i7-4810MQ, chaja ya wati 180 yenye volti 19.5, kadi ya grafiki Quadro K1100M ya kuchomeka. Nikichomeka chaja kwenye mashine, taa ya chaja inazima papo hapo na hairudi mpaka niichomoe ukutani. Kwa betri peke yake kitufe hakifanyi lolote. Chaja ni nzima, ikiwa nje inasoma 19.6. Kumbukumbu (RAM) na diski nimeshazitoa, hali ni ileile. Nimefungua mpaka naiona kadi chini ya hitsinki yake (chuma cha kupoza joto). Nikiitoa mashine itawaka kwa grafiki ya Intel, au nitaongeza tatizo?

ohm_sifuri

Mkuu, itoe. Ila kwanza acha kuchomeka chaja kujaribujaribu. Taa inazima kwa sababu chaja inajilinda na shoti, na kila ukirudia unaisukumia umeme sehemu ileile iliyoungua.

Kadi yako ni ya MXM 3.0, yaani kiwango cha kadi za grafiki za kuchomeka kwenye laptopu. Kadi za namna hii hazipewi umeme uliokwisha kushushwa. Madabodi (bodi kuu ya mashine) inazipa volti 19 zilezile za chaja, pamoja na 5 na 3.3, halafu kadi yenyewe inashusha hizo 19 hadi karibu volti 1 za chipu ya grafiki. Ndiyo maana kapasita moja ndogo ya kauri ikifa pale umeme unapoingilia kwenye kadi, mashine nzima inaonekana maiti na watu wanabadilisha madabodi isiyo na kosa.

Chomoa chaja na betri, shika kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30. Skrubu za hitsinki zina namba; zilegeze kidogo kidogo kwa mshazari, ukianza na namba kubwa. Ikigoma kubanduka izungushe taratibu, usiinyanyue kwa bisibisi, kona za chipu hupasuka. Kadi inashikwa na skrubu mbili. Ukizitoa itainuka yenyewe kwa mteremko kama kumbukumbu. Ivute kufuata mteremko huohuo.

Sasa multimita. Kwenye kadi, pima ohm kati ya hasi na kapasita kubwa zilizo upande wa kuingilia umeme. Kadi nzima husoma maelfu ya ohm. Ukiona chini ya 1, mwizi umemkamata. Lakini usipime kwenye koili inayopeleka umeme kwenye chipu ukashtuka: pale ohm chache, hata chini ya 1, ni kawaida kabisa. Hapo ndipo kadi nyingi nzima hutupwa bure.

feni_mbili

Naongezea kuhusu kuwaka bila kadi. i7-4810MQ ina HD Graphics 4600 ndani, kwa hiyo grafiki ipo. Swali ni waya za kioo zimepita wapi. Kama bayosi (mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka) ilikuwa na chaguo la kubadilishana grafiki mbili, kioo kimeungwa kwa Intel na picha inaweza kuja. Kama halikuwepo, kioo kinapita kwenye kadi: mashine itawaka, feni zitazunguka, kioo kitabaki cheusi. Hata hivyo kipimo chako cha shoti kitakuwa kimejibu. Kama bayosi ilikuwa imewekwa kutumia kadi pekee, toa betri ndogo ya saa kwa dakika kadhaa mipangilio irudi ya kiwandani.

Mambo mawili kabla ya kuwasha. Feni ya kadi irudishe kwenye soketi yake, maana mashine nyingine hulalamika au kuzima zisipoiona. Na kama hitsinki ni moja na ya prosesa, lazima irudi na pesti mpya ya kupitisha joto. Hapo funika soketi tupu ya kadi kwa tepu ya kuhami inayostahimili joto, shaba isije ikagusa pini.

Wenye mashine ambazo chipu imechomelewa kwenye madabodi, hili haliwahusu. Mfano MacBook Pro ya inchi 15 ya 2011: pale mafundi hutoa rezista R8911 kukata umeme wa chipu ya AMD, na bei yake ni kupoteza kioo cha nje.

mpakato_mzito

Asanteni sana wakuu. Kadi inasoma ohm 0.3 pale umeme unapoingilia. Bila kadi, taa ya chaja inabaki, feni zinazunguka, taa ya herufi kubwa inaitika, kioo cheusi. Kadi inatengenezeka?

ohm_sifuri

Basi madabodi iko salama. Kabla ya kununua kadi, pima kati ya njia ya volti 19 na koili ya chipu. Ikisoma karibu na sifuri, mosifeti ya juu (swichi inayoshusha volti 19) imeungua na volti 19 zimeingia kwenye chipu, usihangaike nayo.

Ikisoma juu zaidi, tafuta kapasita. Ingiza volti 1 kutoka kwenye pawasaplai ya mezani, isizidi hapo, mkondo uanzie ampea 1, huku umemwagia alkoholi ya usafi. Itakapokauka kwanza ndipo penye shoti. Nyanyua kapasita hiyo kwa hewa ya moto, pima tena. Zimeungwa sambamba kadhaa, hivyo kadi inaweza kujaribiwa bila moja, ila weka nyingine ya ukubwa uleule na ya volti 25 au zaidi.

Ukinunua nyingine, chukua Aina A, milimita 82 kwa 70. Aina B ina urefu wa 105, haitaingia. Iwe imetoka kwenye mashine ya muundo huohuo, kwa sababu bayosi nyingi hukataa kadi ngeni. Na pedi za joto za chipu za kumbukumbu za kadi zirudishe kwa unene uleule: ukiweka nene kuliko za awali, hitsinki haitakaa juu ya chipu.