Naomba ushauri: ni mwalimu mkuu kijiji cha Wayupik, Alaska, na wazazi wameninyamazia

Mwalimu wa Mara:
Wakuu, shikamoo kwa wakubwa. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Mara. Nilifundisha hisabati Alaska, Marekani, miaka 4, kwenye delta ya mito Yukon na Kuskokwim. Mwezi wa 8 nikapewa ukuu wa shule katika kijiji cha Wayupik, wenyeji wa asili wa huku, karibu na Bahari ya Bering. Barabara ya kuja huku haipo. Unatoka Anchorage kwa ndege hadi Bethel, kisha unapanda kindege kidogo, na hali ya hewa ikichafuka unalala Bethel siku mbili tatu. Shule ni moja tu, chekechea hadi darasa la 12. Jenereta ikizima usiku, mlango unaogongwa ni wangu. Hayo niliyajua na sikuyaogopa.

Tatizo lilianza Septemba, msimu wa kuwinda musi, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe pana kama sinia. Wavulana wa madarasa ya juu wakaanza kupungua, wamepanda mto na baba zao na wajomba zao. Mahudhurio yakashuka, na takwimu zangu makao makuu wanaziona. Nikaandika barua kwa kila mzazi: mtoto akikosa siku 10 bila ruhusa, hatua zitachukuliwa.

Tangu hapo kijiji kimetulia juu yangu. Ugomvi hakuna, dukani tunasalimiana. Ila kikao cha wazazi walikuja watu 3. Alhamisi akaja bibi mmoja, mtu mzima sana, akaketi ofisini. Nikamuuliza nimsaidie nini, akatazama dirishani. Nikauliza tena, kisha nikaanza kumweleza habari za takwimu. Alikaa kama dakika 20, akasema "quyana", yaani asante, akaondoka.

Nimekosea wapi, na narekebishaje?

Kemunto:
Pole sana mwalimu. Mimi ni muuguzi, Mkenya, nimekaa Bethel miaka 7. Huyo nyanya alikupa nafasi, nawe ukaijaza maneno. Huku mtu akiwa na jambo zito hutulia kwanza, na ukimfuata na swali la pili umemkatiza. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naandika kwenye faili kwamba mgonjwa hajibu, kumbe ashanijibu kwa uso. Akiinua nyusi ni ndiyo. Akikunja pua ni hapana.

Lakini kubwa ni hiyo barua. Jiulize, kwa mtu wa umri wake shule ni nini? Wengi wa kizazi hicho waliadhibiwa darasani kwa kusema Kiyupik. Sekondari vijijini hazikuwapo, kwa hiyo mtoto alipandishwa ndege kwenda bweni, wengine Sitka, wengine hadi Oregon, na mama akabaki kuhesabu miezi. Ikabidi wanafunzi waishtaki serikali ya jimbo, akiwemo Molly Hootch, msichana wa kijiji cha Emmonak, na makubaliano ya 1976 ndiyo yaliyofungua njia ya sekondari kujengwa kwenye vijiji zaidi ya 100. Sasa karatasi ya shule inaingia nyumbani mwake ikisema hatua zitachukuliwa kuhusu mtoto. Wewe uliandika mahudhurio. Yeye alipoisoma aliona bweni.

Mkweli daima:
Natofautiana kidogo, kwa heshima. Mtoto asipojua hesabu, nani ataendesha hiyo jenereta? Walimu wageni huja na kuondoka, na kijiji kitaendelea kuwategemea mpaka watoto wake wasome wawe walimu. Tusimpe mwalimu mkuu wasiwasi wa kusimamia masomo.

Mwalimu wa Mara:
Mkweli, hilo ndilo linalonigawa. Wapo wawili darasa la 12 wenye akili nzuri sana ya hesabu, na wote wawili walikuwa mtoni. Dada Kemunto, umenigusa. Shuleni kwetu tuliposema Kikurya tulivishwa kibao shingoni. Nimekaa na kumbukumbu hiyo miaka yote, na bado sikuwaza kumuuliza bibi yule alivishwa nini.

Mzee wa Longido:
Mwanangu, nilikuwa mwalimu mkuu umasaini miaka 11, sasa nimestaafu. Kiangazi kikikaza ng'ombe walihama na wavulana wakahama nao. Mimi nilitumia mgambo. Nilipata madawati yaliyojaa na watoto wasionitazama usoni. Mwaka wa tatu nikaenda kwa wazee kabla ya kiangazi, nikauliza wanaondoka lini, wanarudi lini, nani anakwenda na nani anabaki. Mitihani nikaipanga kwa tarehe zao. Mkweli, kiwango hakikushuka. Nilichobadilisha ni kalenda na salamu.

Usiite kikao shuleni. Nenda kwake.

Kemunto:
Shikamoo mzee. Niongeze jambo la chakula, maana wageni hulichukulia kama mchezo wa wanaume. Dukani kila kitu kimekuja kwa ndege, na bei ni ya ndege. Mto Yukon uvuvi wa salmoni aina ya chinook ulifungwa 2024 kwa miaka 7. Musi mmoja ni mlo wa nyumba kadhaa kipindi cha baridi. Na kijana akiangusha mnyama wake wa kwanza, yeye hajiwekei. Nyama inagawiwa, wazee wakitangulia. Siku hiyo ni kubwa kwa familia kuliko mahafali.

Tena hilo jengo ni lao. Oktoba 2025, mabaki ya kimbunga Halong yalipovunja vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, watu walikimbilia shuleni.

Mwalimu wa Mara:
Wakuu, narudi na majibu. Jana nilikwenda. Bibi alikuwa sakafuni anakata samaki kwa uluaq, kile kisu cha mviringo. Nikaketi. Sikusema kitu. Sijawahi kunyamaza muda mrefu hivyo mbele ya mtu mzima, mikono ilikuwa inanitetemeka. Chai ikaletwa, ikaisha.

Kisha akazungumza, mjukuu akatafsiri. Mjukuu wake mdogo alikuwa ameangusha musi wake wa kwanza. Alhamisi ile alikuja kuuliza kama shule ingepokea sehemu ya nyama, ili watoto wote wale. Nami nikamsomea takwimu za mjukuu huyo huyo.

Niliomba radhi. Akainua nyusi.

Barua nimeifuta, nitapita nyumba kwa nyumba kusema hivyo mwenyewe. Wale wawili wa darasa la 12 tumekubaliana na baba zao, jioni tatu kwa wiki hadi wafidie masomo. Kalenda ya mwaka ujao nitaipeleka kwa wazee kabla ya makao makuu. Ninalouliza sasa: je, shule inaruhusiwa kupika nyama ya porini?

Kemunto:
Alaska inaruhusu, ikiwa imetolewa bure na jikoni wamefuata taratibu. Ongea na mpishi leo.

Mwalimu wa Mara:
Nimeongea naye. Supu ni Ijumaa. Bibi amesema atakuja mapema, akae jikoni.